Miezi Sita ya Rangi Nyeusi

Dukani kwa mjomba kamera hazikuitwa kwa majina ya kiwandani. Ziliitwa kwa rangi. "Nishushie ile nyeusi ya pembeni." "Ile ya kijivu ipanguse kioo." Basi, tumeelewana. Nyeusi zilikaa rafu ya juu, chini ya taa. Za kijivu, zile zinazong'aa kama sufuria jipya, zilikaa chini pamoja na chaja na mikanda, na wateja walizipita kwa macho kama mtu anavyompita jirani waliyenuniana.

Mjomba alinunua kamera zilizotumika, mimi nikazisafisha na kuzitengeneza, yeye akaziuza. Ndivyo tulivyogawana kazi. Meza yangu ilikuwa nyuma ya pazia. Ilikuwa na taa ya shingo ndefu, bisibisi sita nyembamba kama vijiti vya meno, mpira wa kupulizia vumbi, na karatasi. Kabla sijafungua kamera yoyote niliichora kwanza, mbele, nyuma, juu na chini, na kila skrubu niliyoitoa niliibandika kwa utepe pale pale ilipotoka kwenye mchoro. Vitabu vya mafundi vimeandikwa kwa lugha nisiyoijua, na shule yangu iliishia ya msingi, kwa hiyo nilijitengenezea vya kwangu. Miaka miwili ile hakuna skrubu iliyobaki mezani haijulikani kwao. Mjomba mwenyewe vidole vyake vilikuwa vimeanza kutetemeka. Bila mimi kazi ya nyuma ya pazia ingelala.

Lakini sikwenda pale kuwa fundi. Nilitaka kupiga picha. Nilikuwa nikisikia wapiga picha wakija mbele ya duka, wakicheka na kujisifu, wakinunua betri, wakiondoka kwenda kwenye sherehe za watu, nami nimebaki na matumbo ya kamera zao mapajani.

Mwaka wa pili ulipoanza mjomba aliniita kaunta.

"Mpwa wangu, mama yako ananisema. Anasema nakutumia kama punda. Sasa tufanye hivi. Chagua kamera moja, uifanyie kazi. Nusu ya mshahara unakula, nusu unaniachia, mpaka bei itimie. Siku ikitimia unaichukua, unakwenda zako kupiga picha, na baraka zangu juu."

Wiki ile zilikuwa zimeingia mbili za aina moja, nyeusi na ya kijivu. Ukiifumbia macho rangi, huwezi kuzitofautisha. Nikazionyesha.

"Nyeusi miezi kumi na minane," akasema. "Ya kijivu kumi na miwili."

"Mjomba, si zimezaliwa pamoja?"

"Zimezaliwa pamoja, hazijaolewa pamoja." Akacheka mwenyewe. "Sikiliza, mama. Mpiga picha wa harusi akitokea na nyeusi, watu wanampisha. Akitokea na hiyo ya kijivu, wanamwuliza yeye ni mgeni wa upande wa nani. Mimi hapa siuzi kamera. Nauza namna mtu atakavyotazamwa akiishika."

"Miezi sita kwa ajili ya rangi?"

"Kwa ajili ya kutazamwa. Wewe fikiri. Usinijibu leo."

Nilifikiri kwa bisibisi. Adhuhuri ile, mjomba alipokwenda kula, niliziwasha zote mbili na kuzisoma idadi. Kamera hizi zinajihesabia zenyewe picha zilizopiga. Ndani yake kuna kipazia chembamba cha chuma kinachofunguka na kufunga kila unapobonyeza, mafundi tunakiita shata, nacho kina umri wake kama mtu. Aina ile umri wake ni picha laki moja na nusu. Zaidi ya hapo inaishi kwa huruma ya Mungu. Nyeusi ilikuwa imekwisha piga laki moja na themanini elfu. Ya kijivu ilikuwa imepiga elfu nne na mia moja. Nadhani aliyeinunua hakuipenda rangi akaifungia kabatini.

Nilikaa nimezishika zote mbili mkononi. Ile nzuri ndiyo rahisi. Ile iliyochoka ndiyo yenye bei. Na mjomba hajui, maana yeye kusoma idadi aliniachia mimi, na alikuwa hajaniuliza.

Sikumwambia. Hilo nalikiri. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo miezi kumi na miwili itakuwa ishirini. Nikameza furaha yangu kama kidonge bila maji, nikamwambia kesho yake, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa, "Basi mjomba, mimi nitachukua ya kijivu tu."

"Akili," akasema. "Maskini hachagui rangi."

Akachukua kikaratasi, akaandika kwa mkono wake unaotetemeka: *Ya kijivu. Ya mpwa.* Akakifunga kwenye mkanda. Kila kamera ina namba yake, imechongwa kwenye chuma cha kitako kisichovuliwa na gamba. Ningeweza kumwambia, mjomba, andika na namba. Lakini nani dukani kwetu aliwahi kutaja namba? Na nilivyokuwa na siri, sikutaka kidole chochote kipapase kamera ile zaidi ya lazima.

Miezi ikaenda. Nusu ya mshahara si kitu cha kuchezea. Viatu vyangu vilivaliwa mpaka nikawa nazijua kokoto za njia yetu moja moja. Mjomba hakuniruhusu kupiga picha kwa kamera yenyewe. "Usiongeze idadi, bado yangu," alisema, nami nikadhani ameshaisoma, lakini alisema tu kama wanavyosema wauzaji, hakwenda kuitazama. Kwa hiyo nilijifunza bila kubonyeza. Saa ya chakula naiweka jichoni, nawapanga watu wanaopita barabarani, nangoja uso ugeuke upande wa nuru, halafu nasema kimoyomoyo, sasa. Nilipiga maelfu ya picha namna hiyo. Hakuna hata moja iliyoungua.

Mwezi wa kumi na moja nikajikaza. Mama yangu anafanya usafi katika shule moja, na mwalimu mkuu wa pale alikuwa akitafuta mtu wa kupiga picha za vitambulisho. Wanafunzi mia nne na kumi na wawili, mmoja mmoja, siku moja. Nilikwenda kumwona nimevaa gauni la mama.

"Umewahi kufanya kazi hii?" akaniuliza.

"Hii hapana, mwalimu. Lakini kamera nazijua ndani na nje."

"Nje naziona hata mimi," akasema. Alikuwa mtu wa utani mkavu. "Mama yako hapa hajawahi kuacha kona bila kuifagia. Nitajaribu na mtoto wake. Alhamisi ya juma la kwanza, shule ikifunguliwa. Ukifanya vizuri kuna shule dada mbili zitakuhitaji. Usiniangushe."

Miezi kumi na miwili ilitimia Ijumaa kabla ya Alhamisi hiyo. Mjomba aliniambia Jumatatu atanikabidhi, mama yangu awepo, tunywe hata soda. Jumatatu ikafika, na kabla ya soda akafika Suti.

Huyu ni mpiga picha wa harusi. Tulimwita Suti kwa sababu anavaa suti hata akija kununua kifuniko cha lenzi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimeshaiweka kamera yangu kwenye mfuko.

"Yangu imeanguka kwenye ngazi za ukumbi," alikuwa akimwambia mjomba. "Nataka nyingine ya aina ile ile. Isizidi picha elfu kumi. Nitaisoma mwenyewe, usinifanye mgeni."

"Nina ya kijivu hapa..."

"Sufuria? Bwana mkubwa, nikisimama na hiyo mbele ya wageni wataniomba niwapakulie. Nyeusi. Na nitalipa bei ya nyeusi, sijaja kulia."

Kimya. Nilimjua mjomba kwa kimya chake. Kikiwa kifupi anakataa, kikiwa kirefu anapiga hesabu.

"Ipo," akasema. "Njoo Jumatano."

Suti alipotoka, pazia likafunguliwa. Mjomba hakunitazama mimi, aliutazama mfuko.

"Niwashie hiyo nione idadi yake."

Nikawasha. Ningefanya nini? Akasoma, akavua miwani, akaivaa, akasoma tena.

"Elfu nne." Akavuta kiti cha wateja akakaa. "Na ulikuwa unajua."

Nikaizima kamera.

"Mwaka mzima, mpwa wangu. Unakula na mimi, unanipa shikamoo asubuhi, na unajua."

"Ulisema bei ni ya rangi, mjomba. Mimi nikalipa bei ya rangi."

"Vizuri." Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa kitu alichokuwa akikitafuta. "Vizuri sana. Ulilipia rangi, utapewa rangi. Ile nyeusi pacha yake bado haijauzwa. Vua gamba lake, ulivike mashine hii. Gamba la kijivu ulivike ile nyingine. Yako itabaki ya kijivu, kama tulivyoandika. Sijakunyang'anya kitu."

"Ile nyingine ina laki moja na themanini. Imepita umri."

"Nimeona watu wamepita umri na bado wanalima."

"Mjomba, Alhamisi nina watoto mia nne."

"Basi utawapiga. Ikichoka, uilete, shata mpya ikipatikana nitakuwekea. Mimi nina kodi ya chumba hiki, mwanangu. Mteja wa namna ile huja mara moja kwa mwaka. Na kama hutaki," akasimama, "kaa na msimamo wako, na kamera zote mbili zibaki hapa. Twende kwa mama yako atuamue."

Hatukwenda. Alimpigia simu, na nilipofika nyumbani jioni mama alikuwa ameshaamua. Alikuwa akipepeta mchele, hakuinua uso.

"Huyo ni kaka yangu," akasema. "Alikupa meza wakati hapakuwa na mtu wa kukupa hata kigoda."

"Mama, nimeilipa meza hiyo. Nimeilipa na viti vyake."

"Na wewe ulimficha."

"Nilimficha kitu ambacho hakukiuliza."

"Mtoto wa dada hangoji kuulizwa." Akapuliza pumba. "Kamera unapata, hupati?"

"Napata."

"Basi. Mimi sioni kesi. Usinigombanishe na ndugu yangu kwa mambo ya vipazia vya chuma nisivyovijua."

Nilikaa nje kidogo nikifikiri. Nikikataa, Alhamisi nasimama mbele ya watoto mia nne mkono mtupu. Nikikubali, ninayo kamera ambayo huenda ikafa kesho, huenda ikafa mwakani. Mtu akiwekewa mambo mawili hivyo, haitwi tena mchaguzi. Lakini nilichagua.

Jumanne nilianza asubuhi, nuru ikiwa bado nzuri. Nilichora kamera mbili kwenye karatasi mbili. Nikatoa betri, nikaua umeme uliolala kwenye flashi, maana huo ukikugusa unakutupa kitini. Nikapasha moto mpira wa kushikia mpaka gundi ikalegea, nikaumenya bila kuuchana. Skrubu ishirini na tatu kila moja. Gamba la juu ndilo gumu, lina nyaya bapa nyembamba kama utepe wa nywele, ukivuta kwa hasira umekata. Sikuvuta kwa hasira. Kuna dakika, nimezivua zote mbili, zilikaa mezani uchi, kijivu hamna, nyeusi hamna, vyuma na ubao wa kijani tu. Nilizitambua bila kusoma namba. Moja ilikuwa safi ndani kama chumba cha mtu asiye na wageni. Nyingine kingo za shata zilikuwa zimelika, na vumbi la chuma limekaa pembeni.

Mjomba alichungulia. "Usizichanganye," akasema.

"Nimezichora."

Ingenigharimu nini kuzichanganya? Skrubu zile zile, nyaya zile zile. Nimpe Suti ile iliyochoka ndani ya weusi wake mzuri. Lakini Suti angeisoma idadi pale pale kaunta, na aibu ingekuwa yangu, mimi fundi. Mjomba alilijua hilo. Ndiyo maana aliniachia bisibisi akaenda kusoma gazeti.

Nilimaliza alasiri. Gamba lilikaa vizuri hata ukucha haupiti kwenye maungio. Kazi nzuri kuliko zote nilizofanya dukani mle.

Jumatano Suti alikuja, akaisoma, akapiga picha tatu za dari, akanitazama juu ya bega la mjomba.

"Fundi, wewe ndiye unazijua ndani. Hii vipi? Sema ukweli."

Mjomba alikuwa akikunja risiti. Aliikunja mara nne.

"Ni nzima," nikasema. "Hakuna nzuri kuliko hiyo humu ndani."

"Nyeusi yenye umri mdogo hivi mliipata wapi?"

"Bahati yako," mjomba akadakia.

Akalipa bei ya nyeusi bila kulia, kama alivyoahidi. Akaondoka ameifurahia, na alikuwa na haki, maana alipata alichokitaka. Nililigeuza hilo kichwani kila upande. Mteja hakudanganywa. Mjomba alipata kodi. Mama hakugombana na ndugu yake. Aliyedhulumiwa nilikuwa mimi peke yangu, na mkono uliofanya kazi ile ulikuwa wangu, na kwa nani nitapeleka mashtaka?

Kisha mjomba akanikabidhi yangu, na soda ya baridi, kikaratasi chake bado kimefungwa kwenye mkanda.

Shuleni walinipa chumba chenye madirisha upande mmoja. Nilitundika shuka jeupe ukutani, nikaweka alama ya chaki sakafuni watoto waweke vidole vya miguu. Mama alipita na ndoo yake mlangoni mara tatu bila sababu. Mwalimu mkuu aliwaleta darasa kwa darasa, wadogo kwanza, na kila mmoja alikuwa na namba yake kwenye kikaratasi.

"Kidevu juu. Usicheke sana. Nitazame mimi, usimtazame mwenzio."

"Dada, nikipepesa macho?"

"Pepesa sasa hivi, umalize."

Walicheka. Ilikwenda vizuri. Nilijua nuru ingegeuka saa ngapi, nilijua nisimame wapi, vyote vile nilivyojifunza bila kubonyeza vilikuja vyenyewe kidoleni. Hamsini. Mia. Nilisahau kabisa kilichokuwa ndani ya mikono yangu, na kwa saa ile moja nilikuwa mpiga picha kweli. Nadhani wale walioniona pale wangesema hivyo.

Namba mia moja thelathini na saba, sauti ya shata ikabadilika. Badala ya kukatika ikakwaruza. Nikatazama picha: uso wa mtoto kuanzia pua kwenda juu, na chini giza tupu. Nikapiga tena. Giza lote. Nikazima, nikawasha, nikatoa betri, nikarudisha. Nikageukia ukuta, nikatoa lenzi, nikaangalia ndani. Kipande kimoja cha shata kilikuwa kimepinda na kukwama katikati, kama kope la mgonjwa. Hata ningekuwa na bisibisi zote za dunia, nisingekinyosha pale.

Mwalimu mkuu alikuwa nyuma yangu. Akaichukua kamera mkononi, akaigeuza, akakisoma kikaratasi.

"Kijivu," akasema. "Nilijiuliza tangu asubuhi. Wapiga picha wote ninaowaona wana nyeusi. Kumbe kuna sababu."

Nilifungua mdomo. Ili nimweleze ningehitaji kuanza na mjomba, na mama aliyekuwa amesimama mlangoni na ufagio, na gamba, na nani aliyelivika. Nikaufunga.

"Nani anaweza kunimalizia hawa kesho?" akauliza. Hakuwa na hasira. Angekuwa nayo, ingekuwa afadhali.

Kuna mtu mmoja tu niliyekuwa na uhakika na kamera yake. Nikampa namba ya simu ya Suti. Akampigia pale pale, wakaelewana, na nikasikia akisema ndiyo, na zile shule nyingine mbili pia, tutazungumza.

Watoto wakaambiwa warudi madarasani. Mama akaingia akaanza kufagia karibu na miguu yangu, pole pole, mahali palipokuwa safi. Binti mmoja mdogo alibaki kwenye alama ya chaki na kikaratasi chake, nywele zimelowanishwa maji zikalala, kidevu juu kama nilivyowafundisha.

"Na mimi?"

"Wewe kesho. Atakuja mwingine."

"Ana kamera gani?"

"Nyeusi."

"Nzuri?"

Nilikuwa nakunja shuka. "Nzuri sana," nikamwambia. "Nenda darasani."